Chungu gani cha maua kinafaa ua wenye kivuli

Uani kwetu hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, jua huingia kama mgeni mwenye haraka. Hufika mwendo wa saa tano na nusu, hugusa ukuta wa upande mmoja, na kabla watu hawajatoka msikitini kuswali adhuhuri limeshaondoka. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, kuta nene, ghorofa mbili, na ua mdogo katikati ambao wazee waliuacha makusudi ili nyumba ipate kupumua. Nilipohamia niliutazama nikasema, hapa patafaa maua.

Nikanunua vyungu sita vya plastiki, vyeusi, vya kung'aa. Nikapanda, nikawa namwagilia kila asubuhi kama nilivyomwona mamangu akimwagilia maua yake Likoni, yanayopigwa na jua kutwa. Miezi miwili haikwisha, mimea mitano imekufa. Nilipong'oa mmoja, mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama mchicha uliopitiliza motoni, na udongo ulinuka mtaro.

Kumbe kwenye jua mmea hufa kiu, kivulini hufa maji. Udongo usiopigwa na jua hukauka polepole, na hewa ya Mombasa nayo ina unyevu mwaka mzima. Chungu cha kivulini basi kina kazi kubwa ya kutoa maji kuliko kuyaweka. Ukilishika hilo, dukani utachagua kwa macho mengine.

Kwanza, kijue kivuli chako

Chukua karatasi nyeupe, iweke pale unapotaka chungu kikae, saa sita mchana. Nyosha mkono juu yake, kama futi moja hivi. Kivuli cha vidole kikionekana wazi na kingo zake kali, hapo pana mwanga mwingi, usipaite kivulini. Ukiona umbo la mkono lakini kingo zimefifia, hicho ni kivuli cha wastani, na mimea mingi ya majani itakushukuru. Usipoona kitu, hicho ni kivuli kizito, na chaguo lako litakuwa finyu.

Usipime siku moja ukaridhika. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri huhama upande. Kuanzia kama wiki ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita liko upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Maana yake, ukuta uliotandaa mashariki hadi magharibi hutupa kivuli upande wake wa kusini mwezi wa Juni, na Desemba upande huohuo unawaka. Niliwahi kuweka kangaga zangu chini ya ukuta kama huo mwezi wa Julai, zikastawi hata majirani wakaomba vichipukizi. Kaskazi ilipoingia, kufikia Januari majani yalikuwa makavu kama karatasi ya kufungia mandazi. Chungu chenyewe nilishindwa kukisogeza, kilikuwa cha saruji na kimejaa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza dukani ni hili: nitaweza kukihamisha mara mbili kwa mwaka? Chungu cha lita 40 kikishajaa udongo na kulowa hupita kilo 50 bila shida. Kama huna kijana wa kukusaidia, nunua vidogo vingi badala ya kimoja kikubwa. Na kwenye roshani ya mbao, hasa zile za zamani, usiweke kizito kabisa, hata kama mbao zinaonekana nzima.

Kivuli cha mti ni habari nyingine. Chini ya mwembe au mkungu mwanga hupenya kwa vidoa vidoa, na hilo ni zuri. Lakini mizizi ya mti ni mijanja: chungu ukikiketisha juu ya ardhi tupu, itapanda kupitia tundu la chini ifuate maji na mbolea. Utashangaa siku unakivuta chungu kinagoma. Kinyanyue juu ya matofali mawili matatu.

Chagua mmea kabla ya chungu

Watu wengi hufanya kinyume: wanapenda chungu, wanakibeba, kisha wanatafuta cha kutia ndani. Kivulini hilo litakugharimu, kwa sababu mimea ya huku ina tabia mbili zisizopatana. Kuna inayopenda unyevu wa daima: kangaga, mnanaa, mtambuu, tangawizi, na yale majani yenye madoa mekundu na meupe yanayofanana na majimbi, ambayo wauza miche huyaita kaladiamu. Na kuna inayotaka ikauke kabisa kabla ya kunywa tena. Mkubwa wao ni sansevieria, ile yenye majani marefu yaliyosimama kama panga. Hawa wa pili hawawezi kukaa kwenye chungu cha aina moja na wa kwanza.

Mrihani na mwasumini usijidanganye nayo. Najua kila mtu anataka harufu hiyo uani, nami nilijaribu mara tatu. Bila jua la saa tano sita kwa siku mrihani hurefuka tu, miguu myembamba, majani mawili matatu, na mwasumini huota majani bila ua hata moja. Ipeleke darini kwenye jua, uani tia mnanaa.

Ukiwa na watoto wadogo au paka (na nani Mji wa Kale hana paka?), kaladiamu iweke juu wasikofika. Utomvu wake huwasha mdomo na koo vibaya sana.

Chungu cha nini?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wauzaji hawakwambii kitu.

*Udongo uliochomwa, usiopakwa rangi ya kung'aa.* Hiki ndicho ninachokipendekeza kwa kivuli karibu kila mara. Ukuta wake una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya na kuondoka na hewa, ndiyo maana mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa. Kwenye jua kali sifa hii ni balaa, udongo hukauka mara mbili kwa siku. Kivulini ni neema, kwa sababu mkono wako ukizidi maji, chungu hukusaidia kuyatoa. Sansevieria isikae kwenye kitu kingine.

Kina kasoro zake. Kivulini kitaota ukijani nje, na wengine huchukia. Mimi naupenda, unakifanya kionekane kama kimekuwapo tangu nyumba ilipojengwa. Usipoupenda, brashi ngumu na maji ya siki vitautoa. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kwetu: chumvi. Visima vingi vya kisiwani maji yake ni ya chumvichumvi, na bomba likikatika siku nne tano ndiyo tunayomwagilia. Maji yanapotoka kupitia ukuta wa chungu, chumvi hubaki nyuma. Utaona ukungu mweupe kama unga, kwanza kwenye mdomo, kisha ubavuni, halafu chungu chenyewe huanza kumenyuka maganda. Kama maji yako ni ya kisima siku zote, chagua chungu chenye mashimo makubwa chini, na kila mwezi kipitishe maji matamu mengi, mara mbili au tatu ya ujazo wake, yatoke yote. Masika ikija weka ndoo chini ya mchirizi. Maji ya mvua ndiyo dawa.

*Saruji.* Ni vya bei nafuu, mafundi huvifinyanga kando ya barabara, na havipeperushwi na kusi. Ila saruji mpya hutoa chokaa kwenye udongo, na maji ya visima vyetu, yanayotoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa ya kutosha tayari. Kangaga na kaladiamu hazitaki hivyo. Majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mtu akadhani yanakosa maji akaongeza. Ukinunua cha saruji, kizibe tundu, kijaze maji, yaache siku mbili, mwaga, ujaze tena. Rudia kwa wiki nzima kabla ya kupanda.

*Plastiki.* Sitaitukana kwa sababu ya ujinga wangu wa mwanzo. Ni nyepesi, haimenyuki kwa chumvi, na kwa mnanaa au kangaga inafaa kabisa mradi mashimo yawe mengi. Ndoo ya rangi ya lita 20 ikioshwa vizuri ni chungu kizuri kuliko vingi vya dukani. Kwa plastiki lakini ujifunze kujizuia: maji yanatoka njia moja tu, chini.

*Vya kupakwa rangi ya kung'aa* ile ya kuchomwa, vya bluu na kijani, vinashika maji kama plastiki na uzito wake ni wa udongo. Vinapendeza, siwezi kukataa. Tumia kwa mtambuu au tangawizi.

*Debe na mabati.* Kivulini hayachomi mizizi kama juani, lakini hewa ya bahari itayala. Msimu au misimu miwili, chini pametoboka. Kwa majaribio, sawa.

*Mbao.* Mchwa. Sina zaidi.

*Vifuu vya nazi* kwa vichipukizi na kangaga ndogo za kuning'iniza: toboa matundu mawili kwa msumari wa moto, tia kamba ya makumbi. Havigharimu kitu na vikioza unapasua kingine, jikoni nazi haziishi.

Ukubwa: kidogo kuliko unavyofikiri

Kwenye jua watu husema chukua chungu kikubwa mmea ujinafasi. Kivulini udongo usio na mizizi ni udongo usionywewa maji, nao hukaa umelowa hadi unachacha. Chukua chungu kinachozidi donge la mizizi kwa sentimita 2 hadi 5 tu pande zote. Kikijaa, hamisha kwenye kikubwa kidogo, mwaka hadi mwaka. Njia ya kujua: mmea ukiutoa na mizizi imezunguka udongo kama uzi kwenye kibunzi, wakati umefika.

Kimo nacho kina maana. Kwenye ua mwembamba wenye kuta ndefu, mwanga uko juu. Chungu kilichonyanyuliwa sentimita 40 kwenye kigoda hupata mwanga ambao wenzake wa chini hawaujui. Usinunue kirefu chembamba kwa sababu hiyo, kwani upepo wa kusi ukipita kichochoroni hukiangusha. Nunua kifupi chenye tako pana, kisha kinyanyue.

Mdomo

Nilirithi mtungi wa nyanyangu, ule wa kuweka maji ya kunywa, tumbo kubwa na shingo nyembamba. Haukuwa na kazi tena, friji ilishachukua nafasi yake. Nikampa fundi autoboe chini kwa keekee, nikapanda kangaga, na kwa miaka miwili ndicho kilikuwa kitu cha kwanza wageni kukisifu. Mwaka wa tatu kangaga ikaanza kuzeeka katikati, inataka kugawanywa. Mizizi ilikuwa imejaza tumbo lote, na shingo ni upana wa mkono wangu tu. Nilivuta, nikachokonoa kwa kisu, nikamwagia maji. Mwisho nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kangaga au mtungi. Niliupiga na mchi. Vigae vyake bado nimeviegemeza ukutani, siwezi kuvitupa.

Chungu cha kupandia moja kwa moja kiwe kipana juu kuliko chini, au sawa. Ukiwa na mtungi unaoupenda, panda kwenye kichungu cha plastiki kinachopita shingoni, kisha kiketishe ndani.

Dukani: gonga, pindua, tia kidole

Mzee mmoja anayeuza vyungu kando ya barabara kuelekea Bamburi alinifundisha hili bila kuniuliza kama nataka. Nilikuwa nimeshika chungu, natafuta ufa kwa macho. Akanipokonya.

"Wewe waangalia nini, mwanangu? Chungu hakiangaliwi. Sikiza."

Akakining'iniza kwa kidole kimoja kwenye mdomo, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia *ngi*, kama kengele ya mbali. Akachukua kingine, sawa kwa sura. *Tap*. "Huyu ashapasuka. Ufa hujauona, nami sijauona."

Tangu siku hiyo nagonga vyote. Kisha nakipindua nione tundu. Kwa chungu cha ukubwa wa ndoo ndogo, tundu lipitishe kidole gumba. Kikubwa zaidi nataka matatu au zaidi. Angalia pia tako: kama ni bapa kabisa, tundu litakaa limezibwa na sakafu, kitahitaji vijiguu. Vyungu vingi vya kung'aa huja bila tundu kabisa, na muuzaji atakwambia "utatoboa tu nyumbani". Mwambie atoboe yeye, hapohapo, kabla hujalipa. Kikipasuka, kimempasukia yeye.

Rangi

Kivulini chungu cheusi, cha bluu ya usiku au cha kijani kizito hupotea, unabaki kuona majani yanayoelea. Cheupe, cha rangi ya mchanga, au wekundu wa udongo wenyewe huonekana hadi magharibi. Mimi navipaka chokaa vile vya udongo, ileile ya kuta. Chokaa hairembi tu: huuacha ukuta wa chungu upumue, wakati rangi ya mafuta huuziba, ukawa umenunua udongo ukaugeuza plastiki. Kila mwaka kabla ya Ramadhani, nyumba ikipakwa, navyo hupata mkono mmoja.

Chini ya chungu pana mbu

Hili si la urembo. Mbu wa kidingapopo, yule mwenye madoadoa meupe miguuni anayeuma mchana, hupenda sana maji masafi yaliyotulia kivulini, na kisahani cha chungu ni kama amejengewa. Mombasa tumepitia mlipuko wa homa hiyo mwaka 2013 na 2014, kisha chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Aliyeipata anajua viungo vinavyouma.

Yai hadi mbu anayeruka huchukua kama wiki moja hadi siku 10 kwenye joto letu. Kwa hiyo kisahani kimwagwe angalau mara mbili kwa wiki. Kumwaga peke yake hakutoshi: mayai hugandana ukingoni, yanaweza kukaa makavu miezi, yakipata maji yanaanguliwa. Sugua kwa brashi. Mimi nimeacha visahani vya nje kabisa. Vyungu vyangu vinakaa juu ya vigae vitatu, maji yanatiririka hadi mfereji wa ua. Ndani, ambako sakafu lazima ilindwe, najaza kisahani mchanga hadi juu, maji yanabaki ndani ya mchanga na mbu hana pa kutagia. Mapambo ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, yachunguze vilevile: kile cha nje hujaa maji kimyakimya.

Kujaza na kumwagilia

Kokoto chini ya chungu acha. Najua sote tumefundishwa hivyo, lakini maji hayapendi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Husimama juu yake, na mizizi inakaa karibu zaidi na tope. Weka kipande cha wavu juu ya tundu udongo usitoroke, basi. Udongo wenyewe uwe mwepesi: sehemu mbili za udongo wa bustani, moja ya mboji iliyoiva, moja ya makumbi yaliyochambuliwa. Makumbi yaloweke kwanza na umwage maji ya kahawia mara mbili tatu, yana chumvi. Mchanga wa ufuoni usiuguse.

Chungu kipya cha udongo kizamishe majini saa moja kabla ya kupanda, la sivyo kitaunyonya udongo wako siku ya kwanza.

Baada ya hapo, usimwagilie kwa ratiba. Kibinue chungu kidogo kwa mkono mmoja siku umetoka kukimwagilia, uujue uzito wake. Siku nyingine ukikibinua kikawa chepesi, mpe. Kikiwa bado kizito, pita. Mei, mvua ikiwa imeshika, mimi huweza kukaa siku 12 bila kugusa kopo, na vile vilivyo chini ya mchirizi navisogeza ndani ya ukumbi. Oktoba ikianza, navivuta vyote kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Siku hizi cha kwangu kikubwa ni cha lita 15, nakibeba mwenyewe.